Nyumba na Mto: Historia ya Tamthilia za Ahali katika Japani

Mwaka 1898 serikali ya Japani ilitoa kanuni ya sheria iliyomweka mkuu mmoja juu ya kila nyumba, aghalabu mwana wa kiume wa kwanza, ambaye alirithi mali ya nyumba peke yake, ambaye ndoa za walio chini yake zilingojea ridhaa yake, na ambaye, mtu wa nyumba yake akioa au akiolewa kinyume cha matakwa yake, aliweza kulitoa jina la mtu huyo katika daftari la nyumba na kumwacha nje kama mgeni. Ilikuwa sheria iliyoshikamana barabara na hali ya utawala wa wakati ule, kwa kuwa nyumba ilihesabiwa kuwa dola ndogo, na dola ikahesabiwa kuwa nyumba kubwa, na aliyeasi katika moja alidhaniwa kuwa tayari kuasi katika nyingine. Sheria hiyo ilidumu karibu miaka hamsini. Vita vilipokwisha na Japani ikashindwa, katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 ilitamka katika kifungu chake cha 24 ya kwamba ndoa ni mapatano ya mume na mke walio sawa katika haki. Na aliyetangulia kuziandika haki hizo katika rasimu alikuwa mwanamke wa miaka 22, Beate Sirota, aliyelelewa Tokyo tangu utotoni na aliyewaona kwa macho yake wanawake wasiokuwa na kauli katika nyumba zao. Tangu tarehe 1 Januari 1948 cheo cha mkuu wa nyumba hakikuwamo tena katika sheria ya Japani.

Nimeanza na sheria, ingawa habari ninayotaka kuisimulia ni ya michezo ya kuigiza, kwa sababu nimesadiki ya kwamba tamthilia za ahali za Kijapani, zilizoingia katika televisheni wakati kumbukumbu ya sheria ile ikingali mbichi, na ambazo hata leo hutungwa kila msimu na kupelekwa nchi za mbali, zimekuwa zikishughulika muda wote huu na maswali yaliyoachwa bila mwenyewe siku cheo kile kilipofutwa. Zamani aliyekosa alimjua wa kumwendea kuomba radhi, na alimjua pia mwenye amri ya kumfukuza. Baada ya hapo ilibaki kwa watu wenyewe kupatana: nani ana haki ya kurudi nyumbani, nani amsamehe nani, na kama damu haitoshi kuwaweka watu chini ya dari moja, ni kitu gani kitoshacho.

Mchezo wa kwanza wa televisheni uliopata kurushwa Japani ulikuwa mchezo wa nyumbani. Mafundi wa NHK, shirika la utangazaji la taifa, walikuwa wakiijaribu mitambo iliyotarajiwa kuonyesha michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1940, na ingawa Japani iliirudisha heshima hiyo mwaka 1938 kwa sababu ya vita ilivyokuwa ikipigana na China, majaribio yaliendelea. Ndipo mwezi wa Aprili 1940 wakarusha kipande cha dakika kama 12 kiitwacho Yūgemae, yaani kabla ya chakula cha jioni, cha mama na wanawe wawili, kijana na binti, wakizungumza huku chakula kikingojewa. Hapakuwa na upanga wala mzimu, vitu vilivyojaa katika majukwaa ya kale ya nchi ile. Kisha vita vikakua na kuenea, mitambo ikafungwa, na mazungumzo yale ya kabla ya chakula yakakatizwa kwa miaka mingi.

Televisheni ya kudumu ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1953, na siku hiyo waliojiandikisha kuwa na sanduku lake nchini mwote walikuwa 866 tu, kwa kuwa bei yake ilimshinda mtu wa mshahara wa kawaida. Watu wengine walisimama viwanjani na mbele ya stesheni za treni, kwa mamia, mbele ya masanduku yaliyowekwa hapo na kampuni mpya ya Nippon Television ili watazame mieleka na besiboli. Mwaka huo huo Ozu Yasujirō alitoa filamu yake Tōkyō Monogatari, habari ya mzee na mkewe waliosafiri kutoka Onomichi kwenda kuwaona watoto wao wakubwa mjini Tokyo wakakuta kila mmoja ana shughuli yake, isipokuwa mkwe wao, mjane wa mwana wao aliyepotea vitani, mwanamke ambaye nyumba ile haikuwa na amri tena juu yake na ambaye kwa hiari yake mwenyewe aliomba ruhusa kazini akawatembeza wazee mjini na kumlaza mama mkwe wake katika chumba chake kidogo. Filamu hiyo haikuwa ya televisheni, walakini watunzi wa televisheni waliofuata walikunywa katika kisima hicho, na mjane yule ndiye mtu wa kwanza, kwa maoni yangu, aliyelijibu swali jipya kwa vitendo.

Televisheni yenyewe ilijifunza uzito wake katika 1958, ilipoonyeshwa tamthilia ya Watashi wa Kai ni Naritai, iliyotungwa na Hashimoto Shinobu, juu ya kinyozi maskini aliyelazimishwa jeshini kumchoma mateka wa Kimarekani kwa singe, akamjeruhi mkono tu kwa sababu roho yake ilikataa, na ambaye baada ya vita, akiwa amekwisha kurudi kwa mkewe na kiti chake cha kunyolea, alikamatwa, akahukumiwa kunyongwa, na akanyongwa. Watazamaji walitumaini hadi mwisho kwamba angerudishwa nyumbani, na mtunzi hakumrudisha. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Aprili 1959, Mwanamfalme Akihito alimwoa Shōda Michiko, binti wa raia, na kwa kutaka kuiona harusi hiyo watu walinunua televisheni hata idadi ya waliojiandikisha ikapita milioni 2. Tangu hapo sanduku halikuwa tena la viwanjani. Liliingia katika chumba cha kulia, likaelekezwa kwenye meza ya chini ambapo watu wa nyumba huketi, na walio ndani ya sanduku nao wakawa wameketi kwenye meza kama ile.

Tarehe 3 Aprili 1961 NHK ilianza desturi ambayo haijakoma: tamthilia ya asubuhi, kipande kifupi kila siku. Ya kwanza iliitwa Musume to Watashi, kutokana na kitabu cha Shishi Bunroku, mwandishi aliyefiwa na mke wake Mfaransa akabaki na binti mdogo, kisha akaoa tena, na ambaye alieleza jinsi mama wa kambo na mtoto wa damu mbili walivyokuja kupendana. Baadaye vipande vikawa vya dakika 15, na mtu wa katikati akawa aghalabu mwanamke ambaye maisha yake hufuatwa tangu utoto wake, akivuka vita, ufukara na misiba. Wake waliitazama wakimaliza kuosha vyombo vya asubuhi. Wenye saa walizitega kwayo. Ni jambo la kustaajabisha kwamba taifa zima lilijizoeza kuianza siku kwa kutazama taabu za mwanamke mmoja, na sijui nchi nyingine iliyofanya hivyo kwa muda mrefu namna ile.

Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtayarishaji Ishii Fukuko wa kituo cha televisheni cha TBS aliwapa watu tamthilia nyingi za maduka ya tambi na nyumba za mama wakakamavu, za kuchekesha na za upole, ambamo ugomvi huzuka jioni ukaisha kabla ya kulala. Sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa kwamba zilitengeneza mazoea ya meza, na mazoea yakishakuwako hupatikana mtu wa kuyapindua. Mtunzi Mukōda Kuniko aliyapindua kwa maana halisi ya neno: katika Terauchi Kantarō Ikka ya 1974, baba mchonga mawe, mwenye mwili mkubwa na hasira za ghafla, hupigana na mwanawe mpaka vyombo vinaruka, na asubuhi wote huketi tena kula. Bibi wa nyumba ile alichezwa na mwigizaji mwenye umri wa miaka 31 aliyekuwa akijiita Yūki Chiho wakati huo, na ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Kiki Kirin.

Mwaka 1975 Mukōda alipasuliwa kwa saratani ya matiti, na maradhi yaliyofuata kwa sababu ya damu aliyoongezewa yakaudhoofisha mkono wake wa kuume, naye akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Katika hali hiyo akili yake ilizidi ukali. Ashura no Gotoku, iliyoonyeshwa na NHK mwaka 1979 na 1980, ni habari ya ndugu wa kike wanne wanaogundua kwamba baba yao, mzee wa miaka kama sabini, ana mwanamke mwingine kwa siri, na wanaoshauriana namna ya kumficha mama jambo ambalo, kama inavyokuja kudhihirika, mama alikuwa akilijua kitambo na akilinyamazia. Mama yule hakupiga kelele hata mara moja. Hufa akiwa hakuombwa radhi, na mabinti, kila mmoja akiwa na aibu yake nyumbani kwake, hubaki na baba mkosaji ambaye hawawezi kumtupa wala kumsamehe. Mukōda alifariki katika ajali ya ndege huko Taiwan tarehe 22 Agosti 1981, akiwa na umri wa miaka 51, mwaka mmoja baada ya kupata tuzo ya Naoki kwa hadithi zake fupi.

Sasa nifike kwenye mto. Mwanzoni mwa Septemba 1974 mvua ya tufani iliujaza mto wa Tama, upande wa magharibi wa Tokyo, maji yakavunja tuta katika mji wa Komae, na nyumba 19 zikamegwa moja moja zikachukuliwa, huku kamera za habari zikionyesha mapaa mapya yakiinama na kuelea. Hazikuwa nyumba za mafukara. Zilikuwa nyumba za watumishi wa makampuni, zilizojengwa kwa mikopo ya muda mrefu, kila moja ikiwa na bustani yake ndogo, na wenyewe waliishitaki serikali wakafuata haki yao mahakamani mpaka wakaipata mwaka 1992. Yamada Taichi, mtunzi aliyezaliwa Asakusa mwaka 1934, alisikia ya kwamba miongoni mwa vitu walivyovililia watu wale, albamu za picha zilitajwa kwa uchungu kuliko samani, na kutokana na hilo akatunga Kishibe no Album, iliyoonyeshwa na TBS kuanzia Juni hadi Septemba 1977.

Katika tamthilia hiyo mna baba anayeitumikia kampuni yake mchana na usiku hata akakubali kufanya biashara za aibu kwa ajili yake, mama aliyeachwa peke yake katika nyumba safi na ambaye sauti ya mwanamume mgeni katika simu humvuta mpaka kwenye uzinzi, binti aliyetendewa ubaya asiweze kuwaambia wazazi, na kijana anayejifunza mtihani wa chuo kikuu huku akizigundua siri zote moja baada ya nyingine, mpaka siku moja anazitapika mezani mbele ya wote. Yamada hakumchagua mwovu wa kumtwika lawama. Mtazamaji wa Tokyo ya 1977, ambaye labda mkopo wa nyumba yake mwenyewe haujalipwa nusu, aliona kila wiki katika ufunguzi picha zile za kweli za nyumba kuanguka mtoni, kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza mwisho utakuwa nini, na bado alingoja kuona kama watu wale wangekuwa ahali kabla maji hayajafika. Maji yanapofika, wanarudi mbio ndani ya nyumba inayotikisika kwenda kuchukua albamu, zile picha za kucheka za miaka ambayo hawakuwa wakisema kweli. Nyumba inakwenda. Wao wanne wanabaki ukingoni bila kitu, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza wanaonekana kuwa pamoja. Naiona kuwa kazi kubwa kuliko zote za kizazi chake, kwa sababu ilithubutu kusema kwamba huenda pakahitajika kupoteza nyumba ili watu wa nyumba wapatikane.

Wakati Yamada akiandika hayo, mtunzi mwenziwe Kuramoto Sō alikuwa amekwisha kuukimbia mji mkuu. Alikosana na watengenezaji wa tamthilia kubwa ya NHK mwaka 1974, akaenda Sapporo, na mwaka 1977 akahamia Furano, katikati ya kisiwa cha Hokkaidō, mahali penye baridi kali. Alichokiandika huko, Kita no Kuni kara, kilianza kuonyeshwa na Fuji Television mwezi wa Oktoba 1981: Kuroita Gorō, mtu mnyonge asiye na ufasaha, aliyemfumania mkewe na mwanamume mwingine, anawachukua watoto wake wawili, Jun na Hotaru, kutoka Tokyo na kuwarudisha katika kijiji alikozaliwa, kwenye kibanda kisicho na umeme wala maji ya bomba. Mvulana Jun hutaharuki na kuuliza watafanya nini usiku bila taa, na baba humjibu kwamba usiku ukija watu hulala.

Vipande 24 vilikwisha Machi 1982, lakini kisa hakikuisha, kwa maana Kuramoto na watu wake walirudi tena na tena kwa tamthilia ndefu za peke yake, mpaka 2002, na watoto wale wawili, Yoshioka Hidetaka na Nakajima Tomoko, walikua mbele ya macho ya taifa, wakavunja ungo na kubaleghe, wakapenda, wakakosa, wakaoa na kuolewa. Sijui sanaa nyingine iliyopata kuwa na subira ya miaka 21 kwa watu wale wale. Katika kipande cha 1984 uzembe wa Jun unaiteketeza nyumba ya magogo aliyoijenga baba yake kwa mikono, naye anamwacha rafiki yake abebe lawama. Toba yake anaitoa katika mkahawa mdogo wa tambi, akilia juu ya bakuli, na mhudumu anayetaka kufunga duka anapotaka kuliondoa bakuli la mtoto, Gorō, ambaye hajawahi kumpazia mtu sauti, analipuka kwa ghadhabu kwamba mtoto bado anakula. Msamaha wote umo humo, wala hautajwi kwa jina. Na katika kile cha 1987, Jun akiwa njiani kwenda Tokyo ndani ya lori, dereva anamrudishia bahasha aliyopewa na Gorō kuwa malipo, yenye noti mbili za yen elfu kumi, kwa kuwa noti hizo zina alama ya udongo wa vidole vya baba, na dereva anaona hawezi kuzitumia. Tanaka Kunie, aliyemcheza Gorō, alifariki Machi 2021, na wengi Japani walimlilia kana kwamba ni mzee wa nyumba yao.

Siku kumi na moja baada ya Tanaka Kunie, tarehe 4 Aprili 2021, alifariki Hashida Sugako, mwanamke aliyezaliwa Seoul mwaka 1925, Korea ikiwa koloni la Japani, ambaye aliajiriwa mwaka 1949 katika idara ya watunzi ya kampuni ya filamu ya Shochiku, ambamo wanaume walitawala, na baadaye akahamia televisheni. Kazi yake kubwa, Oshin, ilitokana na barua ya mama mmoja aliyezaliwa enzi ya Meiji, na masimulizi mengine ya wanawake wa rika lile, ambao walikuwa wakifa mmoja mmoja bila kuandikwa. NHK iliionyesha kila asubuhi kuanzia tarehe 4 Aprili 1983 hadi tarehe 31 Machi 1984, vipande 297, na katika jimbo la Kantō, ambamo Tokyo imo, wastani wa nyumba zilizoitazama ulikuwa asilimia 52.6, na siku moja ya Novemba ukafika asilimia 62.9. Hakuna tamthilia ya televisheni ya Japani iliyopata kuizidi.

Oshin ni mtoto wa mkulima wa kupanga shamba huko Yamagata, aliyezaliwa 1901, miaka mitatu baada ya sheria ile ya wakuu wa nyumba. Chakula chao ni wali uliozidishwa figili. Msimu mmoja wa baridi msichana huyu wa miaka saba anamwona mama yake ameingia katika maji ya mto yaliyokaribia kuganda, ili aitoe mimba ambayo nyumba haiwezi kuilisha, na mtoto anafahamu kwamba yeye mwenyewe ni mdomo mmoja uliozidi. Basi anakubali kwenda kuwa yaya kwa mfanyabiashara wa mbao kwa ujira wa mwaka mzima wa gunia moja la mchele, na anapanda chelezo katika mto wa Mogami, theluji ikianguka, baba akikimbia ukingoni akilia kwa aibu ya alichokifanya. Huko anasingiziwa wizi wa sarafu aliyopewa na bibi yake, anatoroka katika dhoruba, anaokolewa na askari mtoro anayemfundisha kusoma. Kisha anatumikia nyumba ya mchuuzi mkubwa wa mchele huko Sakata, anakuwa msusi Tokyo, anaolewa na Tanokura Ryūzō, anapoteza kila kitu katika zilizala la 1923, anaonewa na mama mkwe huko Saga, anachuuza samaki Ise. Mwana wake wa kwanza anakufa vitani Ufilipino. Mumewe, aliyejitajirisha kwa kulitumikia jeshi, anajiua Japani iliposhindwa.

Wengi, Japani na ng'ambo, walimchukua Oshin kuwa mfano wa uvumilivu, na hilo si uongo. Lakini nadhani walilipita jambo ambalo Hashida aliliweka mlangoni kabisa. Kisa kinaanza mwaka 1983, siku ya kufunguliwa tawi la 17 la duka kubwa la Tanokura, na mwenye duka, bikizee wa zaidi ya miaka themanini, hayupo. Amepanda treni kurudi kwenye mito na theluji za utoto wake, akiandamana na kijana wa ukoo asiye wa damu yake, ili atafute ni wapi katika maisha yake marefu alipopotea hata akazaa mwana asiyejali ila faida. Vipande vyote 297 ni hesabu hiyo. Katika siku ambazo Japani ilikuwa ikijisifu kwa magari na redio zake duniani kote, mwanamke mmoja aliwauliza watu wake, dakika 15 kila asubuhi, walimwacha nani njiani walipokuwa wakipanda.

Oshin ilipelekwa nchi zaidi ya 60. Watu wa Thailand, Indonesia na Misri waliilia. Na katika Iran, iliyokuwa vitani na Iraq miaka ile, mapenzi yalikuwa makubwa hata jina la duka la Tanokura, kwa matamshi ya huko, likageuka kuwa jina la maduka ya nguo kuukuu, ambayo sisi twayaita ya mitumba. Waliokuwa wakifukuzwa na mabomu kutoka miji yao hawakuhitaji kuelezwa maana ya kuanza upya.

Bei za ardhi na za hisa zilipoanguka Japani tangu 1990, makampuni yaliyokuwa yameahidi kazi ya maisha yalianza kuwapunguza watu, na baba wa Kishibe no Album angekuwa hana tena hata kampuni ya kuificha aibu yake. Mwaka 1993 Hitotsu Yane no Shita, ya mtunzi Nojima Shinji, ilionyesha ndugu sita waliotawanyika baada ya wazazi kufa katika ajali, na kaka mkubwa, mkimbiaji aliyeshindwa, akiwakusanya tena chini ya dari moja, wengine wakimchukia kwa kuwa walikwisha zoea kuishi bila ndugu. Kipande kimoja kilitazamwa katika asilimia 37.8 ya nyumba. Mwaka 2011, ambao mwezi wake wa Machi zilizala na mawimbi ya bahari yaliwaua maelfu pwani ya kaskazini mashariki, taifa lilimalizia kwa Kaseifu no Mita, habari ya mtumishi wa nyumbani asiyecheka, aliyefiwa na mumewe na mwanawe, anayeingia katika nyumba ya watoto wanne ambao mama yao alijiua kwa sababu ya uzinzi wa baba. Kipande cha mwisho, tarehe 21 Desemba, kilifika asilimia 40.0.

Lakini anayenishika moyo zaidi katika miaka hiyo ni mtunzi Sakamoto Yūji. Katika Mother, ya 2010, mwalimu wa Muroran anamkuta mwanafunzi wake wa miaka saba amefungwa katika mfuko wa takataka na kutupwa nje kwenye baridi na mama yake mzazi, na anaamua jambo ambalo sheria haina jina lake ila utekaji: anamchukua mtoto, anampa jina jipya, na wanakimbia wakiwa mama na binti. Mwalimu mwenyewe alitupwa na mama yake alipokuwa mdogo. Na mama huyo, sasa ajuza mgonjwa, anajitokeza, si kudai, bali kutumikia, akiwapikia na kuwaficha, akijua hana haki hata ya kuitwa mama. Aliyemcheza ni Tanaka Yūko, yule yule aliyekuwa Oshin kijana mwaka 1983. Watazamaji waliomwona zamani akivumilia yote kwa ajili ya watoto walimwona sasa akiwa mama aliyemtoroka mwanawe, na msamaha anaoupata hatimaye ni wa siku chache tu kabla ya kufa. Uturuki waliitengeneza upya kwa jina la Anne mwaka 2016, na Korea ya Kusini mwaka 2018; Woman, ya mtunzi huyo huyo, juu ya mjane mwenye watoto wawili, ikawa Kadın huko Uturuki, na kutoka Uturuki zikasambaa tena kwa lugha nyingi.

Kore-eda Hirokazu aliupeleka mjadala huo kwenye sinema, naye katika Manbiki Kazoku, iliyopata tuzo kuu ya Cannes 2018, aliwaweka pamoja watu wasio na damu moja wanaoishi kwa wizi wa madukani na pensheni ya bibi mmoja, aliyechezwa na Kiki Kirin, mwigizaji aliyefariki Septemba ya mwaka ule ule. Na Januari 2025 akaonyesha Ashura no Gotoku kwa waigizaji wapya. Andō Sakura, mama katika filamu ile ya wezi, alicheza 2023 katika Brush Up Life, ya mtunzi Bakarhythm, mwanamke anayekufa akiwa na miaka 33, anaambiwa kwamba maisha yake yajayo ni ya mnyama mla mchwa huko Guatemala, na anachagua afadhali kuyarudia yale yale, mara kadhaa, akiyarekebisha. Ni tamthilia ya furaha, nami nimeipenda kwa sababu mwanamke yule, akipewa nafasi ambayo hakuna binadamu apewaye, haitumii kutafuta utajiri, bali kuwaokoa rafiki zake wa utotoni.

Kisha, mwaka 2024, tamthilia ya asubuhi ya NHK ilirudi kwenye sheria. Tora ni Tsubasa, ya mtunzi Yoshida Erika, vipande 130, ilifuata kwa jina la kubuni maisha ya Mibuchi Yoshiko, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuwa mawakili Japani mwaka 1940, aliyefiwa na mumewe baada ya vita akabaki na mtoto wa kulea, akawa hakimu, na mwaka 1972 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza mahakama ya mambo ya familia, huko Niigata. Inaanza kwa mwanamke aliyeketi ukingoni mwa mto, akisoma katika gazeti katiba mpya inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na machozi yanamtoka. Tomoko, kama anavyoitwa humo, anahangaika kuianzisha mahakama hiyo ya familia, iliyofunguliwa kweli tarehe 1 Januari 1949, na ambayo iliziunganisha kesi za ndoa na mirathi na kesi za vijana wahalifu chini ya paa moja, kwa hoja kwamba mtoto aliyepotea hawezi kutengenezwa bila kuitengeneza nyumba aliyotoka. Yeye mwenyewe anampokea nyumbani Michio, yatima mwizi wa mitaani; kijana anakosana na wenyeji, anatoroka, na anarudishwa siku ambayo mama wa Tomoko yu mahututi na amekataa kufa kabla ya kumwona na kumkumbatia. Swali la 1948, la nani ana haki ya kurudi nyumbani, sikupata kuliona likijibiwa waziwazi zaidi ya hapo.

Lakini kuna jambo moja ambalo Yoshida aliligeuza makusudi. Mibuchi wa kweli aliolewa tena mwaka 1956 akalichukua jina la mume wake wa pili. Tomoko, naye, na hakimu mwenziwe mwenye watoto, wanakubaliana kuishi kuwa mume na mke bila kuandikisha ndoa, kwa sababu kifungu cha 750 cha sheria ya raia, kilichobaki baada ya wakuu wa nyumba kuondolewa, huwalazimisha wanandoa wawe na jina moja la ukoo, na yeye hayuko tayari kuliacha jina alilolifanyia kazi. Mahakama ya Juu ya Japani ilikithibitisha kifungu hicho mwaka 2015, na tena mwaka 2021, nao watazamaji wa 2024, wengi wao wanawake waliokwisha kulibadili jina lao siku ya ndoa, walilizima sanduku saa mbili na robo asubuhi wakaenda kazini, kifungu kikiwa bado kinatumika.